Asubuhi jikoni na Biblia, wenzangu mnapangaje?

mama_wawili_kimara

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba mnisaidie, hasa kina mama wenye watoto wa shule mnaokaa huku mbali na mjini. Mi naishi Kimara kule ndani, baba watoto anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri awahi mwendokasi kabla kituo hakijafurika, basi la watoto linapita saa kumi na mbili kasoro, kwa hiyo saa kumi nishaamka, chai iwe tayari, kitafunwa kiwe tayari, vyakula vya watoto vifungwe, mdogo bado hajui kufunga viatu mwenyewe, halafu wakishaondoka wote nami nafungua genge langu hapo nje maana wateja wa mchicha na nyanya huwa wanakuja mapema.

Sasa kanisani tumehimizwa kila mtu awe na muda wake wa Neno asubuhi kabla siku haijachanganya. Napenda sana jambo hili, nalitamani kwa moyo wote, na nina kitabu cha tafakari cha kila siku, ukurasa mmoja tu, mstari halafu maelezo halafu sala. Lakini nikikaa sebuleni huku jiko linawaka akili yote iko kwenye sufuria, nasoma mstari mara tatu hauingii. Nikisema nisome usiku nasinzia na kitabu mkononi.

Nifanyeje? Niamke saa tisa? Au nisome nikiwa jikoni hivyo hivyo, na je hiyo kweli ni ibada au namletea Mungu mabaki? Na vyakula gani nipange vya asubuhi visivyonikalisha jikoni muda wote? Naomba majibu ya watu wanaofanya kweli, sio kuambiwa tu jitahidi mpendwa.

mama_wa_tabata

Ameni mdogo wangu. Saa tisa usiamke. Una watoto na unasimama gengeni mpaka jioni, ukikata usingizi huo wiki haiishi utakuwa unagombeza watoto kutwa na Neno ulilosoma halitaonekana popote. Na hilo la mabaki liondoe kabisa moyoni. Soma Mithali 31:15, yule mama "huamka, kabla haujaisha usiku; huwapa watu wa nyumbani mwake chakula", limeandikwa kumsifia, mle mle ndani ya Biblia, kwa hiyo kulisha watoto saa kumi na moja alfajiri ni kazi ambayo Mungu anaijua.

Nilichofanya mimi ni kuanza na chakula kwanza, Biblia ikafuata yenyewe. Kuna vyakula vinavyotaka mkono wako na kuna vinavyotaka moto tu. Chapati ni mkono mwanzo mwisho, kukanda kusukuma kugeuza, huwezi kuacha hata nusu dakika. Vitumbua hivyo hivyo, maandazi ndo usiseme maana mafuta ya moto hutakiwi kuyapa mgongo. Hivyo vyote nimevihamishia Jumamosi, na maandazi ya katikati ya wiki nakaanga jioni, asubuhi yanapashwa tu. Jumatatu mpaka Ijumaa ni viazi vitamu, mihogo, magimbi, mayai ya kuchemsha, siku nyingine uji wa ulezi na karanga. Viazi namenya usiku nikiwa napiga stori na wanangu, vinalala kwenye maji, mihogo pia, unaipasua katikati unatoa ule mzizi. Alfajiri unabandika, unatia chumvi, unafunika. Hapo una kama dakika ishirini mpaka ishirini na tano ambazo hakuna mtu wala sufuria inakuhitaji, kwenye jiko lingine chai inachemka, na huo ndo muda wako dada, upo tayari, ila chapati zilikuwa zinaumeza.

Kuhusu usome nini, kama kile kitabu kinakutoka kichwani jaribu Mithali, ziko sura 31, tarehe ya leo ndo sura ya leo, huna haja ya kujiuliza nilifikia wapi, na ukiruka siku husumbuki, unasoma ya tarehe iliyopo. Ukitaka kutulia na kitu kimoja chukua Zaburi 119. Watu wanaiogopa kwa urefu, mistari 176, lakini imegawanywa vipande 22 na kila kipande ni mistari minane tu. Mistari minane kwa viazi kuiva inatosha na inabaki nafasi ya kuomba. Mi huwa nachagua mmoja katika ile minane, nauandika kwa maka peni kwenye karatasi nabandika mlango wa kabati la vyombo, juu mvuke usipofika, watoto wakinywa chai wanausoma kwa sauti kwa zamu. Mwanangu wa darasa la tatu ameshika mistari mingi kuliko mimi.

mzee_wa_segerea

Nawasalimu wote katika jina la Bwana. Mama wa Tabata amesema vizuri sana habari ya viazi na mimi nakubaliana naye. Ila niongeze jambo, tena nitalisema kwa uzito maana nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi na nimeona nyumba nyingi.

Luka 10 tunaisoma haraka. Martha hakuambiwa kupika ni kubaya, na Yesu alikuwa mgeni wake, bila shaka chakula kile alikihitaji. Aliambiwa "unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi". Tatizo lilikuwa ule msukosuko. Kwa hiyo binti yangu, ukisoma umesimama mwiko mkononi na jicho moja kwenye saa utakuwa umesoma, sawa, lakini Mariamu, ndugu yake Martha, aliketi akimsikiliza Yesu. Mimi naomba uketi. Weka kigoda hapo hapo jikoni, si lazima sebuleni, simu iache chumbani, dakika kumi tu uwe umeketi kweli. Neno linataka mtu aliyetulia hata kama ni kwa muda mfupi.

Halafu nina swali ambalo halijaulizwa. Baba watoto yeye saa kumi na moja anafanya nini? Simlaumu, simjui, na kazi za mjini zinachosha. Lakini Kumbukumbu la Torati 6 inasema maneno haya uwafundishe watoto wako kwa bidii, "na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo". Agizo lile walipewa Israeli wote, hakuna mahali imeandikwa kwamba ni la mama peke yake. Watoto wangu walipokuwa wadogo mimi ndiye niliyekuwa nabandika chai na kuwavalisha viatu, na mke wangu alikuwa ameketi na Biblia yake mlango umefungwa, hakuna mtoto aliyeruhusiwa kugonga. Akitoka anatusimulia alichosoma kwa maneno mawili matatu tukiwa tunakunywa chai. Mimi zamu yangu ilikuwa jioni yeye akiwa na watoto. Hakuna aliyepungukiwa. Mwanaume kuchemsha chai haimwondolei heshima yake nyumbani, inaiongeza.

binti_magomeni

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo mzee, umenigusa. Mi ni Mkatoliki kwa hiyo labda nitaongea kwa namna ya kwetu ila dada wa Kimara chukua kinachokufaa.

Kwanza sisi tuna masomo ya kila siku yaliyopangwa, siku yoyote ya mwaka kuna somo, zaburi na injili yake, ya Jumapili yanazunguka kwa miaka mitatu, Mwaka A tunasoma zaidi Mathayo, B Marko, C Luka, na ya siku za kawaida somo la kwanza lina mzunguko wa miaka miwili. Uzuri wake ni kwamba hauchagui mwenyewe, na ukijua kuwa injili unayoisoma hapo Kimara ndo hiyo hiyo inasomwa leo Songea na Roma, hata ukiwa peke yako jikoni haujioni peke yako. Mi injili ya kesho naisoma usiku kabla ya kulala, mara moja tu bila maelezo, dakika mbili, alafu asubuhi nikiisoma tena nakuta ishaanza kufanya kazi ndani. Jaribu na hicho kitabu chako, kwa sababu unasema usiku unasinzia, sasa usiku usitafute kuelewa, pitisha macho tu ulale nayo.

Pili tuna sala ya Malaika wa Bwana, asubuhi saa kumi na mbili, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Ni fupi, haizidi dakika tatu, na kipindi cha Pasaka tunaweka Malkia wa Mbingu badala yake. Nikiwa napika mchana kengele ya kanisa ikilia napunguza moto nasimama nasali narudi kwenye mboga. Hata kama kwenu hamna sala hii, wazo la kuwa na vituo vitatu vya siku linasaidia sana, kwa sababu asubuhi ikivurugika, na itavurugika, mtoto atatapika au umeme utakatika, bado saa sita ipo.

Na lile swali lako kama jikoni ni ibada, dada kuna mtawa mmoja wa Wakarmeli anaitwa Ndugu Lawrence, aliishi Paris karne ya 17 akafariki 1691. Alikuwa askari kabla, akaumia mguu, akaingia utawani 1640 na huko akapangiwa jikoni, na yeye mwenyewe kazi ya jikoni kwa asili hakuipenda hata kidogo. Lakini akajizoeza kuongea na Mungu akiwa katikati ya masufuria, kwa maneno mafupi ya kawaida, anageuza mayai kwa kumpenda Mungu, mpaka akasema kwake muda wa kazi na muda wa sala haukuwa na tofauti. Watu wenye vyeo walikuwa wanamfuata kuomba ushauri. Kwa hiyo mzee kuketi ni kweli na mi naketi, ila naamini pia kwamba kuna sala ya kusimama na mwiko, na hiyo haijaletwa na uvivu.

Kwa chakula, Ijumaa za Kwaresima sisi hatuli nyama, na nyumbani tumeigeuza kuwa siku ya kupika vitu vya kuacha motoni, kisamvu cha nazi, maharage, kunde, njegere. Kisamvu ndo rafiki wa mtu anayetaka kusali maana hakiivi haraka, tena kisipoiva vizuri hakifai kuliwa, kwa hiyo unakibandika unakiacha kichemke kwelikweli kabla ya kutia nazi au karanga.

kaka_wa_feri

Shalom. Mi nauza samaki wa kukaanga na wa kuchoma huku karibu na Feri, natoka Mbagala usiku usiku nawahi mnada, kwa hiyo dada habari ya kuamka saa kumi naielewa kuliko unavyofikiri.

Nataka kuchangia kitu kimoja kinachonishikilia kwenye hii kazi. Yohana 21, wanafunzi wamevua usiku kucha hawajapata kitu, asubuhi Yesu yuko ufukweni, na waliposhuka pwani "wakaona huko moto wa makaa, na juu yake pametiwa samaki, na mkate". Halafu anawaambia "Njoni mfungue kinywa". Huyu amefufuka, ameshinda mauti, na amewasha moto kawapikia watu chai ya asubuhi. Mi kila nikiwasha jiko la mkaa alfajiri nakumbuka hapo. Tena angalia, Yohana anataja moto wa makaa mara mbili tu kwenye injili yake yote, mara ya kwanza sura ya 18 Petro akiwa anaota moto na watumishi wa kuhani mkuu akamkana Bwana, mara ya pili ni huu wa ufukweni, ambapo Petro baada ya kula anaulizwa wanipenda mara tatu. Bwana hakumsemesha Petro juu ya lile jambo kabla hajamlisha. Kwanza kula, ndo tuongee. Kwa hiyo mtu akiniambia kupikia watu asubuhi ni kitu kidogo mbele za Mungu mi simwelewi.

Kuhusu usome nini, mi ni Mmoraviani na sisi tuna utaratibu wa neno la siku, ulianzia Herrnhut kule Ujerumani 1728, wakaanza kuchapa kitabu cha mwaka mzima 1731 na hawajaacha mpaka leo. Mstari wa Agano la Kale unachaguliwa kwa kura, halafu wanatafuta wa Agano Jipya unaoendana nao. Ni mistari miwili tu. Kwa mtu mwenye haraka mi naona hii inatosha kabisa, unaisoma unaingia barabarani nayo, kwenye daladala unaitafuna, mpaka unafika soko ishakuwa sala. Bando likiruhusu nasikiliza Biblia ya sauti kwenye simu, ipo ya Kiswahili na unaweza kuipakua ukaisikiliza bila intaneti. Mikono ina magamba ya samaki lakini masikio hayana kazi.

mama_wawili_kimara

Jamani Mungu awabariki, nimesoma majibu yote na kile cha mzee nimempa baba watoto simu akasoma mwenyewe sikuongeza neno. Akakaa kimya kidogo akasema sawa, chai na viatu vya mdogo ni vyake kuanzia Jumatatu, na akauliza mimi nitakuwa nakaa wapi ili watoto wasinifuate. Asante mzee, shikamoo.

Mama wa Tabata viazi nimeanza jana, ni kweli kabisa, nilipata muda mpaka nikashangaa, nikasoma Zaburi 119 ile ya mistari minane ya kwanza nikaomba na vilikuwa bado havijaiva. Na kaka wa Feri ile ya moto wa makaa mara mbili sijawahi kuisikia, nimeenda kuangalia sura ya 18 kweli ipo, nitaisema jumuiya.

Sasa nina lingine. Ijumaa ibada ya nyumba kwa nyumba inakuja kwangu, watu wanaweza kufika ishirini, inaanza saa kumi na moja jioni na gengeni natoka saa tisa. Sitaki siku hiyo niwe Martha, nataka nikae kwenye somo na wenzangu mwanzo mwisho. Nimefikiria makande ila sijawahi kupikia watu wengi, nipe utaratibu mama.

mama_wa_tabata

Umechagua vizuri, makande ndo chakula cha ibada ya nyumbani kwa sababu yanaiva kabla wageni hawajafika na yanatulia, hayadai kitu.

Vipimo vyangu ni mahindi yaliyokobolewa mara mbili ya maharage, yaani ukiweka vikombe viwili vya mahindi weka kimoja cha maharage, kwa watu ishirini zidisha vyote mara nne, na kama wanaume ni wengi ongeza kidogo. Alhamisi usiku chambua uloweke, mahindi bakuli lake maharage lake, ukiamka badilisha maji maana kwa joto la huku yakikaa maji yale yale yanaanza kuchacha. Mahindi yatangulie jikoni yachemke kama nusu saa ndo utie maharage, hasa kama ni maharage mapya, la sivyo maharage yanapasuka mahindi bado yanagoma. Tumia mkaa kama unao, gesi itakuumiza kwa mpiko mrefu hivyo. Chumvi weka yakishaiva. Kwa kuwa uko gengeni na jiko liko hapo nyuma unaenda kuongeza maji tu, na kama kaka wa Feri alivyosema fungua Biblia ya sauti, Injili ya Marko yote sura 16 ni kama saa moja na nusu, makande yanakaribia masaa mawili au zaidi, utaimaliza Injili nzima kabla ya kuepua, ukifika kwenye ibada umeshaiva na wewe.

Saa tisa ukitoka gengeni kaanga vitunguu, karoti, hoho na nyanya kwenye sufuria kubwa, mwagia makande humo, tia tui jepesi yachemke, mwisho tui zito, usifunike, koroga taratibu mpaka lichemke ndo uepue, ukiliacha bila kukoroga linakatika. Wageni wakiingia sufuria iko chini imefunikwa, unavaa kitenge unaketi na wenzako.

binti_magomeni

Mama naomba kuuliza hapo hapo, mi nikipika mengi nataka yalale mpaka kesho asubuhi tule na chai, na ya nazi yanalala?

mama_wa_tabata

Hayalali binti yangu, kwa hali ya hewa ya Dar tui linachacha usiku huo huo kama huna friji. Gawanya mapema, yaliyochemshwa tu bila kiungo weka pembeni yapoe, ya kula leo ndo utie tui. Hata hayo makavu usiyaache juu ya meza mpaka asubuhi, yachemshe tena kabla ya kulala uyafunike usiyaguse, na alfajiri yachemshe tena vizuri. Kama jirani ana friji mwombe nafasi, ndo salama zaidi. Asubuhi unakaanga kitunguu na nyanya tu, bila nazi, ni matamu sana na chai ya rangi.